Njia ya Darajani: Je, Watu wa Mjini Unguja Wana Maringo?

Wakati wa likizo ndefu, mwanafunzi wetu mmoja wa mwaka wa pili alikwenda Unguja. Ni kijana wa Bunia, mashariki mwa Kongo, aliyekuja kusoma huku kwetu Uganda, na Kiswahili amekua nacho tangu utotoni. Alikwenda kwa hamu ya kuisikia lugha ikisemwa na wenyewe. Siku ya pili alipotea katika vichochoro vya Mji Mkongwe. Akamwona mzee amekaa barazani, akamwuliza, "Mzee, njia ya Darajani iko wapi?" Mzee akamtazama kwa utulivu, kisha akajibu, "Waalaikumu salamu, mwanangu."

Kijana alibaki amesimama mpaka akatambua kwamba amejibiwa salamu ambayo hakuitoa. Akaamkia. Mzee akaitikia, akamwuliza ametoka wapi, habari za huko, wazazi hawajambo, na mwishowe akamwita mjukuu wake amfikishe Darajani.

Aliporudi chuoni alitusimulia kisa hicho mbele ya wenzake, na bado alikuwa na uchungu. Kwa maoni yake watu wa mjini Unguja wanaringa. Wanajiona wao ndio wenye lugha, na wengine wote, kuanzia Mrima hadi Kisangani, ni washamba waliookota makombo. Wenzake wengi walimwunga mkono. Mmoja wetu akasema la, mzee alimfundisha adabu tu, tena kwa upole. Mjadala ulichukua saa nzima na haukwisha.

Tumeona tuuendeleze katika ukurasa huu, kwa sababu swali lenyewe ni la historia kabla ya kuwa la tabia. Je, watu wa mjini Unguja wanastahili sifa hiyo ya maringo? Na kama wanaistahili, ilitoka wapi, na imefika hadi wapi?

Sifa yenyewe

Kwanza tukubaliane kwamba mtu wa mjini kumcheka mtu wa shamba si jambo la Unguja peke yake. Dar es Salaam humcheka aliyeshuka basi jana, na Nairobi na Kampala vivyo hivyo. Mara nyingi anayecheka sana ni yule aliyeshuka basi mwaka juzi. Lakini Unguja ina mambo mawili ambayo miji mingine haina. La kwanza, katika karne ya 19 ndio uliokuwa mji mkubwa wa biashara katika pwani yetu, na misafara iliyoingia bara mpaka Maziwa Makuu ilipata mitaji na bidhaa zake kutoka huko. La pili, Kiswahili cha mji huo ndicho kilichofanywa msingi wa Kiswahili Sanifu. Kwa hiyo mtu wa Nairobi akikucheka, anacheka viatu vyako. Mtu wa Unguja akikucheka, unahisi anacheka ulimi wako, na amekaliwa na vitabu vyote vya sarufi nyuma yake. Kwetu sisi tunaokula kwa lugha hii, hilo si jambo dogo.

Mji na ng'ambo yake

Jina la mahali alipokuwa akipauliza kijana wetu lina sehemu kubwa ya jibu. Darajani ni mahali palipokuwa na daraja. Zamani mkono wa bahari uliingia nyuma ya mji na kuutenga. Upande mmoja palikuwa na rasi yenye majumba ya mawe, milango ya nakshi, misikiti, maduka ya Wahindi na kasri za wafalme. Upande wa pili palikuwa na nyumba za miti na udongo zilizoezekwa makuti. Upande huo ukaitwa Ng'ambo, na wakazi wake wakawa watu wa Ng'ambo. Tazameni jina hilo. Hakuna mahali palipo ng'ambo kwa asili yake. Pako ng'ambo ya mtu anayesema. Kwa hiyo mtaa mzima ulipewa jina na watu waliokuwa wamekaa upande mwingine wakiutazama kwa mbali.

Seyyid Said alikuwa amekwisha kuhamishia makao yake Unguja kufikia mwaka 1840. Mikarafuu ilikuwa imeenea, na mikarafuu ilitaka watu wa kuichuma. Watu hao waliletwa kwa nguvu kutoka bara: Wayao, Wanyasa, Wanyamwezi, Wazigua, Wamanyema na wengine wengi. Wengi wao walipelekwa mashambani. Hapo ndipo neno "shamba" lilipopata maana yake ya Unguja, yaani mahali popote palipo nje ya mji. Na mtu wa shamba, kwa macho ya mjini, alikuwa ama mtumwa wa mikarafuu ama Mhadimu wa vijijini ambaye ardhi yake ilikuwa imemezwa na mikarafuu hiyo.

Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 wakati wa Seyyid Barghash, na mahali pake Wamisionari wa UMCA wakaanza kujenga kanisa kuu mwaka huohuo. Lakini kufungwa kwa soko hakukuwa kukoma kwa utumwa. Amri ya kuuondoa utumwa katika sheria ilitolewa mwaka 1897, na hata hapo mtumwa alipaswa mwenyewe kwenda kudai uhuru wake. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Waliopata uhuru hawakutaka kubaki chini ya mikarafuu. Wengi walihamia mjini, na mjini kwao maana yake ilikuwa Ng'ambo.

Maneno yaliyobaki

Sisi walimu wa lugha tuna bahati moja ambayo wanahistoria wengine hawana. Mambo ambayo watu wamekwisha kuyasahau, maneno huyahifadhi. Hebu tuyafungue machache.

"Mjinga" leo ni mtu asiyejua. Katika kamusi za karne ya 19 neno hilo lilitumika pia kwa mtumwa aliyefika pwani karibuni, ambaye bado hajaijua lugha wala desturi za mahali. Aliyezaliwa pwani na wazazi watumwa aliitwa "mzalia", na mzalia alimcheka mjinga. Wote wawili walikuwa mali ya mtu, lakini mmoja alijiona bora kwa sababu alitangulia kuijua lugha.

"Muungwana" leo ni mtu mwenye adabu, msikivu, asiye na makuu. Zamani maana ya kwanza ilikuwa mtu huru, asiye mtumwa, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Adabu ilihesabiwa kuwa mali ya mtu huru, na mtumwa hakutazamiwa kuwa nayo. Ndiyo maana hata leo tunasema "kitendo cha kiungwana" tukiwa na maana ya kitendo chema, bila kukumbuka kwamba tunamsifu mtu kwa kutokuwa mtumwa.

"Ustaarabu" ni neno lililopata nguvu katika karne hiyohiyo, na shina lake la Kiarabu lina maana ya kujifanya Mwarabu au kufuata mwendo wa Kiarabu. Mizani ya nani ni mtu wa maana ilikuwa imehama kutoka kwa waungwana wa zamani wa miji ya pwani kwenda kwa wenye mamlaka wapya waliotoka Omani. Waungwana wenyewe, waliozoea kuwadharau watu wa bara, wakajikuta nao wana wa kuwatazama kwa juu.

Na "mshenzi"? Hilo lilikuwa jina la jumla la watu wote wa bara wasiofuata desturi za pwani. Sisi tunaoandika ukurasa huu ni wajukuu wa washenzi hao, na tumelisikia neno hilo likitumiwa na walimu wa shule za msingi, Waganda kwa Waganda, kumkemea mtoto mwenye pua chafu.

Mavazi nayo yalikuwa sarufi. Mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia wala viatu mbele ya bwana wake. Mwanamke mtumwa alijifunga kaniki au merikani, na kichwa chake kilikuwa wazi. Baada ya 1897 mambo hayo yalipinduliwa kwa haraka. Wanaume wa Ng'ambo walivaa kanzu na kofia, wanawake wakavaa kanga za rangi na baadaye buibui. Katika muda wa kizazi kimoja haikuwa rahisi tena kumtambua mtu kwa nguo zake. Kilichobaki cha kumtofautishia mtu kilikuwa ukoo wake, na matamshi yake.

Hata jina la wenye lugha lilikimbiwa. Kati ya sensa ya 1924 na ile ya 1931 idadi ya watu waliojiandikisha Unguja kuwa Waswahili ilishuka mno. Watu hawakuwa wamekufa wala kuhama. Walikuwa wameona kwamba jina "Mswahili" limeanza kunuka asili ya utumwa, wakachagua majina mengine. Ndugu msomaji, hii ndiyo nchi iliyotupa lugha tunayoiita lugha ya Waswahili.

Kwa ushahidi huu, kijana wetu ana haki. Mji ulijengwa juu ya ngazi, na kila aliyesimama juu ya ngazi alikuwa na neno tayari kwa aliye chini yake. Lakini shauri halijakwisha.

Binti wa Fumba

Karibu na mwaka 1880 alizaliwa katika kijiji cha Fumba, kusini mwa mji, mtoto wa kike aliyepewa jina la Mtumwa. Baba yake alikuwa na asili ya Unyamwezi na mama yake asili ya Uzigua. Mama alifinyanga vyungu, na binti alivipeleka mjini kuviuza, akitembea kwa miguu na kuvinadi kwa sauti. Alikuwa na kila kitu ambacho mji ulikidharau: asili ya bara, jina la utumwa, makao ya shamba, na kazi ya udongo. Hakusoma, na hata sura yake ilitungiwa nyimbo za kumkejeli.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Wanamuziki wakaisikia sauti yake, wakamfundisha, na jina lake likageuka kuwa Siti, yaani bibi. Mtumwa binti Saad akawa Siti binti Saad. Tangu siku za Seyyid Barghash, aliyeuleta muziki wa taarabu kutoka Misri, nyimbo hizo zilikuwa za jumba la mfalme na lugha yake ilikuwa Kiarabu. Hata klabu ya Ikhwani Safaa, iliyoanzishwa mwaka 1905, iliimba Kiarabu. Siti na wenzake waliimba Kiswahili cha Ng'ambo, mambo ya Ng'ambo: mahakama zilizopendelea wenye fedha, wanaume walaghai, mauaji, mapenzi. Mwaka 1928 walisafiri hadi Bombay kurekodi sahani za santuri kwa kampuni ya His Master's Voice. Sahani hizo zilisikilizwa katika pwani yote na bara pia. Watu wengi wa bara walianza kukisikia Kiswahili cha Unguja kwa kinywa cha binti aliyekuwa akiuza vyungu. Alifariki mwaka 1950, na mwandishi mkubwa kuliko wote wa lugha yetu, Shaaban Robert, aliandika wasifu wake.

Mwaka uleule wa 1928 wapangaji wa ardhi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja. Walikuwa wamejenga nyumba zao wenyewe juu ya ardhi iliyodaiwa kuwa ya matajiri wa upande wa pili, na sasa walisema hawalipi. Wimbo na mgomo vilitoka katika mitaa ileile, na vyote viwili vilidai jambo moja: sisi nasi ni watu wa mji huu.

Basi tunapowasema "watu wa mjini Unguja", tunawasema akina nani? Mkono ule wa bahari ulifukiwa, na juu yake ikapita barabara. Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 wenye majumba wengi waliondoka au walinyang'anywa, na majumba ya mawe yakaingiwa na watu kutoka mashamba na kutoka Pemba. Ng'ambo palisimamishwa majengo marefu ya Michenzani. Mji Mkongwe uliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na watalii huusifu kwa milango yake. Lakini wengi wanaolala nyuma ya milango hiyo si wajukuu wa walioichonga wala wa walioilipia. Kwa sensa ya 2022 Mkoa wa Mjini Magharibi ulikuwa na watu karibu 900,000. Sehemu kubwa yao, ukiuliza babu, utapelekwa shamba, Pemba, au bara. Mzee wa barazani huenda akawa mjukuu wa mtu aliyefika mjini kwa minyororo.

Tena wakosoaji wakali wa maringo ya Unguja ni Waunguja wenyewe. Wanafunzi wetu wanazisoma riwaya hizo kila mwaka bila kulitaja jambo hili. Mohamed Suleiman Mohamed katika Nyota ya Rehema (1976) anaonyesha mtoto anavyoteswa na kubaguliwa ndani ya ukoo wake mwenyewe. Adam Shafi Adam katika Kasri ya Mwinyi Fuad (1978) anamvua nguo bwana shamba mbele ya watumishi wake. Mji usiojua kujicheka usingeandika vitabu hivyo.

Waungwana wa Kongo

Sasa turudi kwa kijana wetu wa Bunia. Watalaamu waliotutangulia walikiita Kiswahili cha mashariki mwa Kongo "Kingwana". Wanafunzi wetu wengi hulikariri jina hilo kwa ajili ya mtihani, wala hawaulizi maana yake. Maana yake ni lugha ya waungwana.

Misafara ya pembe za ndovu na watumwa ilipofika Tabora, Ujiji, na kuvuka ziwa mpaka Manyema, wapagazi na askari wake kutoka Unguja na Bagamoyo walijiita Waungwana. Wengi wao walikuwa watumwa au watoto wa watumwa. Mjini Unguja hakuna muungwana wa kweli ambaye angewapa jina hilo. Lakini siku nyingi za kutembea ziliwapandisha cheo: huko Nyangwe na Kasongo hakuna aliyemjua babu yao, na kanzu waliyovaa ilitosha kuwa ushahidi. Tippu Tip, mzaliwa wa Unguja aliyetawala sehemu kubwa za nchi hiyo, alikuwa na wafuasi wengi wa namna hiyo. Kisha wenyeji wa Manyema waliofuatana nao, wakajenga nyumba za pembe nne, wakasilimu na kusema lugha yao, nao wakaitwa Waungwana, na wakawaita jirani zao washenzi.

Tunaona basi kwamba maringo ya Unguja hayakubaki Unguja. Yalisafiri pamoja na lugha, katika mzigo uleule. Kila aliyejifunza Kiswahili alijifunza pamoja nacho namna ya kumdharau aliyekuwa bado hajakijua. Aliyekuwa mjinga mwaka huu alimcheka mjinga wa mwaka ujao.

Wala Kampala yetu haina la kujitapa. Biashara ya pwani ilifika katika jumba la Kabaka Suna mnamo 1844, na Mutesa I alijifunza Kiarabu na Kiswahili. Kanzu tuliyoipokea ndiyo tunayovaa harusini kama vazi letu la heshima. Lakini serikali ya kikoloni ilipotaka kukipanua Kiswahili mwishoni mwa miaka ya 1920, Kabaka Daudi Chwa aliandika kukipinga mwaka 1929, na watu wengi wa mjini wakakihesabu kuwa lugha ya wageni na watu wa hali ya chini. Baadaye kikaitwa lugha ya kambi za askari. Mtu wa Kampala aliyekataa kujibu kwa Kiswahili na mtu wa Unguja anayekisahihisha Kiswahili chako wanafanya kazi moja kwa njia mbili: kila mmoja anakuonyesha mlango uko wapi, na wewe uko upande gani wa mlango huo.

Nani alikichagua Kiunguja?

Yapo madai kwamba Waunguja ndio waliowalazimisha watu wengine lahaja yao. Historia haiyaungi mkono. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulioichagua lahaja ya mjini Unguja na kuiacha Kimvita, ambayo ilikuwa na mashairi makubwa na watetezi wake, ulikuwa mkutano wa maofisa na wamisionari. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, haikuwa na Mwafrika hata mmoja. Makao yake yalihamahama, na kati ya 1952 na 1962 yalikuwa hapa Makerere. Kiunguja kilishinda kwa sababu kilikuwa kimekwisha kuenea na misafara, na kwa sababu kilikuwa kimekwisha kuchapwa. Askofu Edward Steere wa UMCA, aliyefika Unguja mwaka 1864, alikuwa ametoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, na mtambo wa kupiga chapa wa misheni ulifanywa kazi na vijana waliokombolewa utumwani.

Kwa hiyo lugha iliyosanifiwa ilikuwa imepita midomo ya wapagazi, ikapita mikono ya vijana waliookolewa majahazini, ikatiwa muhuri na Wazungu katika mkutano. Mzee wa barazani hakuulizwa. Hata leo Mwunguja akisikia habari ya redio atakwambia kwamba hicho ni Kiswahili cha vitabuni. Na watu wa Makunduchi, Tumbatu na Pemba walichekwa mjini kwa lahaja zao muda mrefu kabla yetu, ingawa lahaja hizo ni za kale zaidi visiwani kuliko Kiswahili cha mjini. Ni jambo la kufurahisha kwamba BAKIZA limezitolea lahaja hizo kamusi katika miaka ya karibuni.

Hukumu yetu

Je, watu wa mjini Unguja wanastahili sifa ya maringo? Tunajibu hivi. Mji ule uliwahi kuwa na watu wenye haki ya kisheria ya kuwadharau wengine, na haki hiyo ilitungiwa msamiati mzima. Hilo halifutiki, na yeyote anayesema kwamba uungwana wa zamani ulikuwa adabu tu, anausahau mkono uliofagia baraza. Lakini watu wa mjini wa leo kwa sehemu kubwa ni kizazi cha wale waliodharauliwa. Walichokifanya ni kuichukua adabu ambayo babu zao waliambiwa si yao, wakaifanya kuwa ya kila mtu. Salamu ni mfano mzuri. Mbele ya bwana, mtumwa alisalimu bila kutazamia kusalimiwa kwa heshima. Mzee anayekataa kuulizwa njia kabla ya salamu, halafu akakuuliza habari za wazazi wako na kukutolea mjukuu akufikishe, hakukuweka nje ya mji. Amekukaribisha ndani, ila amekutaka uingie kama mtu kwa mtu.

Hata hivyo hatuwezi kuwasafisha wote. Muuza duka anayegeuka kumcheka mteja kwa sababu amesema "nipe" badala ya "niuzie", naye yupo, na kijana wetu alikutana naye pia. Huyo amerithi maneno ya ngazi ya zamani bila kujua ngazi hiyo ilimkalia babu yake mwenyewe.

Lakini jambo lililotunyamazisha katika mjadala ule halikutoka Unguja. Mwishoni kabisa, baada ya wote kusema, kijana alisema neno moja zaidi. Alisema kwamba kabla hajachekwa Darajani, alikuwa amekwisha kuchekwa katika chumba kilekile tulichokaa. Wiki yake ya kwanza chuoni alisimama kujieleza akasema, "Mimi niko mwanafunzi wa Kiswahili," na alipomaliza akasema, "Aksanti." Darasa zima lilicheka, na mwalimu aliyekuwa mbele alitabasamu kabla ya kumsahihisha. Mwaka mzima baadaye hakuinua mkono tena. Kule Unguja, alisema, mzee angalau alimpa mtu wa kumfikisha.

Mwalimu yule ni mmoja wetu tunaoandika makala hii. Hatuna utetezi. Tulikuwa tumesahau kwamba "aksanti" imetoka katika neno lilelile lililotoa "asante", na kwamba Kingwana kilizaliwa na misafara ileile iliyokibeba Kiunguja hadi kikafaa kusanifiwa. Sisi ambao nchi yetu ilikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili katika marekebisho ya katiba ya mwaka 2005, huku wananchi wetu wengi wakiwa bado hawakijui, tulimcheka mtu aliyefika akiwa tayari anacho.

Hatusemi kwamba kusahihisha kukome. Mwanafunzi anayetarajia kufundisha Kiswahili Sanifu lazima ajue kwamba mtihani unataka "mimi ni mwanafunzi", na anayemficha hilo hamsaidii. Lakini kuna kusahihisha na kuna kuonyesha mtu upande wake wa daraja. Tumekubaliana katika idara mambo mawili, na tunawaomba wenzetu wa vyuo vingine wayafikirie. Kuanzia muhula huu, somo la lahaja litafundishwa katika mwaka wa kwanza, kabla ya sarufi sanifu, ili kila mwanafunzi ajue lahaja aliyokuja nayo inaitwaje na ilitoka wapi kabla hatujaanza kuisahihisha. Na makosa ya usemi darasani yatasahihishwa baada ya mtu kumaliza alichotaka kusema, na baada ya kujibiwa alichokisema.

Kijana wetu ameshaanza kuinua mkono. Juzi alituuliza swali ambalo bado hatujalijibu: kwa nini katika kamusi zetu "mshamba" ameandikwa kuwa mtu asiyestaarabika, na hakuna neno la mtu wa mjini asiyejua kulima?